MGB ya paa la kukunja: Mwongozo kwa muuzaji na mnunuzi wa Mombasa

GARI la kale likitangazwa kuuzwa kisiwani Mombasa, swali la kwanza huwa bei. Makala haya yanamshauri msomaji, awe muuzaji au mnunuzi, atangulize swali jingine: je, gari hilo likivuka bahari kutoka Kilindini, litapata njia ya kurudi? Kwa magari mengi ya spoti ya Kiingereza yaliyosalia nchini, jibu ni kwamba njia hiyo ni nyembamba mno. Jambo hili ndilo linalolipa gari la aina hiyo thamani ambayo aghalabu mwenyewe haijui.

Mfano unaofaa kuchambuliwa ni MGB ya paa la kukunja. Lilikuwa miongoni mwa magari ya spoti ya Kiingereza yaliyotengenezwa kwa wingi zaidi katika karne ya 20, vipuri vyake bado hupatikana, na kasoro zake zinajulikana vyema. Atakayelielewa gari hili hatapata shida kubwa kuyakagua mengine ya kizazi chake, kama vile Triumph TR na Austin-Healey.

Gari lenyewe

Jina MG linatokana na Morris Garages, karakana za William Morris mjini Oxford, ambako magari ya kwanza ya nembo hiyo yaliundwa katika miaka ya 1920. Mnamo 1929 kazi ilihamia Abingdon, na huko ndiko MGB ilikotengenezwa tangu 1962 hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1980. Kwa jumla ziliundwa zaidi ya 500,000, nyingi zikiwa za paa la kukunja, na zilizosalia zikiwa za paa gumu zilizoitwa GT. Idadi kubwa ilipelekwa Marekani.

Hili ni gari dogo. Urefu wake ni takriban mita 3.9 na upana takriban mita 1.5, kipimo kinacholiwezesha kupita katika barabara nyembamba kama Ndia Kuu ya Mji wa Kale bila kukwaruza baraza za watu. Injini yake ina silinda nne na ujazo wa sentimita 1,798 za mchemraba, kabureta mbili za SU na nguvu za farasi zipatazo 95 katika matoleo ya awali. Mwendo wake wa juu hupita kilomita 160 kwa saa, ingawa raha yake haiko katika mbio bali katika usukani mwepesi na upepo wa bahari usoni.

Matoleo yake hutofautishwa kwa alama chache. Injini za mwanzo zilikuwa na beringi kuu tatu. Kuanzia mwishoni mwa 1964 zikawa tano, na hizi hudumu zaidi. Hadi 1967 gia ya kwanza haikuwa na sinkromeshi, hivyo dereva alilazimika kusimamisha gari kabla ya kuitia. Mwishoni mwa 1974 bampa za chuma king'aacho ziliondolewa, zikawekwa bampa nyeusi za mpira, na gari likainuliwa ili kutimiza kanuni za Marekani. Wapenzi wengi wa magari ya kale huyapenda zaidi yale ya bampa za chuma, na tofauti hiyo huonekana katika bei.

Kuitambua asili yake

Kabla ya kulifungua boneti kwa ajili ya kusifia injini, mnunuzi na asome nambari ya chesisi. Katika MGB herufi za mwanzo zina maana. G ni nembo ya MG, H ni kundi la ukubwa wa injini, N ni gari la wazi la viti viwili, na D ni GT yenye paa gumu. Kwa hiyo, gari la wazi lenye asili yake huanza kwa GHN. Likianza kwa GHD, basi lilizaliwa na paa la chuma na kuna mtu aliyelikata.

Katika matoleo ya mwanzo, herufi L baada ya GHN3 ilimaanisha kwamba usukani ulikuwa upande wa kushoto. Jambo hili lina uzito Kenya, ambako magari huendeshwa kwa usukani wa kulia. Gari lililogeuzwa usukani laweza kuwa zuri, lakini si sawa na lile lililotoka kiwandani likiwa hivyo, na muuzaji mwaminifu hulitaja jambo hilo mapema.

Nambari ya usajili nayo ni shahidi. Mfumo wa sasa, wenye herufi moja mwishoni, ulianza mwaka 1989. Gari lenye nambari isiyo na herufi hiyo lilisajiliwa nchini kabla ya hapo. Pia British Motor Museum iliyoko Gaydon, Uingereza, huhifadhi kumbukumbu za viwanda vya zamani na hutoa cheti kwa malipo, kikionyesha mathalani tarehe ya kuundwa, rangi ya awali na nchi au soko ambako gari lilipelekwa. Cheti hicho hulipa gari historia inayothibitika, nayo historia hulipwa.

Adui ni chumvi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa gari la kale lililoishi Mombasa, uzuri wa rangi si ushahidi wa kutosha. Kisiwa kimezungukwa na maji ya chumvi pande zote. Upepo wa kaskazi, uvumao takriban Disemba hadi Machi, na wa kusi unaoshika kuanzia Aprili, huleta unyevu wa chumvi hadi ndani ya banda. Gari lililoegeshwa miaka mingi karibu na Bandari ya Kale huweza kula kutu kuliko lililotembea kila siku katika nchi kavu ya bara.

MGB haina chesisi ya kando. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito, na kwa kuwa paa la chuma halipo, nguvu nyingi zimewekwa katika vizingiti vilivyo chini ya milango. Vizingiti hivyo vina tabaka kadhaa za bati: la nje linaloonekana, na mengine ya ndani yasiyoonekana. Fundi mvivu hubandika bati jipya la nje juu ya uozo wa ndani, akapaka rangi, na mnunuzi akaondoka akiwa na furaha ya muda mfupi.

Kipimo chake ni rahisi. Funga mlango na utazame ufa ulio kati yake na bodi. Kisha gari liinuliwe kwa jeki upande huo, polepole. Ufa ukibana hata mlango ukawa mgumu kufunguka, bodi inajikunja na vizingiti vimechoka. Hakuna anayepaswa kuingia chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee.

Sehemu nyingine za kuangaliwa ni sakafu chini ya zulia, mahali springi za nyuma zinaposhikiliwa, pembe za juu za mabawa ya mbele ambako matope hukaa, na visanduku vya betri nyuma ya viti. Hadi 1974 gari hili lilitumia betri mbili za volti 6, na tindikali iliyomwagika huko hula bati kimyakimya. Mnunuzi aje na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Isiponata, chini ya rangi mna puti badala ya chuma.

Ubovu wa bodi haumaanishi kwamba gari limekufa. Tangu 1988 kampuni ya British Motor Heritage imekuwa ikitengeneza upya bodi nzima za MGB. Hata hivyo, gharama ya kuisafirisha, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na ujira wa mafundi huweza kuzidi bei ya gari. Ndiyo sababu wajuzi husema: nunua bodi nzima yenye injini mbovu, usinunue injini nzima yenye bodi mbovu.

Injini, umeme na petroli

Injini ya MGB ni ngumu na rahisi kutengenezwa. Fundi aliyejifunza kazi kwa kabureta kabla ya kompyuta kuingia magarini ataielewa. Likishapata moto na kuwa mwendoni, mita ya oili inapaswa kusoma paundi 50 hadi 70 kwa kila inchi ya mraba. Ikisoma chini sana, beringi zimelika. Moshi wa samawati ni dalili ya oili kuungua. Jaribio lifanywe mchana, katika msongamano wa Barabara ya Digo au Makupa, kwa sababu rejeta inayofanya kazi alfajiri yaweza kushindwa saa nane za mchana.

Magurudumu ya mbele hushikiliwa na kingpini zinazohitaji grisi kila mara. Mmiliki aliyezisahau atajulikana kwa usukani mzito na matairi yaliyolika upande mmoja. Ikiwa rimu ni za spoki, zigongwe moja moja kwa kifimbo. Ile iliyolegea hutoa mlio uliozimika.

Upande wa umeme, magari yaliyoundwa kabla ya toleo la mwishoni mwa 1967 yana dainamo, na upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi, kinyume cha magari ya sasa. Makanika asiyelijua hilo, akiunganisha redio ya kisasa au betri kwa mazoea, huweza kuunguza vifaa kwa dakika moja. Swali hili liulizwe kabla ya mtu yeyote kushika nyaya.

Kisha kuna petroli. Injini hizi ziliundwa wakati petroli ilitiwa risasi, madini yaliyosaidia kulinda viti vya vali. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli ya aina hiyo kufikia mwanzo wa 2006, na hatua hiyo ilikuwa na manufaa makubwa kwa afya ya watoto. Kwa mwenye MGB, maana yake ni kwamba silinda hedi inapaswa kuwekwa viti vya vali vya chuma kigumu, la sivyo vali huzama taratibu katika safari ndefu za mwendo wa kasi. Muuzaji aulizwe kama kazi hiyo ilifanywa, na aonyeshe risiti.

Paa

Paa la turubai ndilo hulifanya gari hili lipendwe, na ndilo huchakaa upesi zaidi Pwani. Jua hukausha na kupasua kitambaa, madirisha ya plastiki hugeuka manjano, na ukungu huota pale turubai linapokunjwa likiwa bichi. Mnunuzi alifungue na kulifunga mwenyewe, kisha amwombe muuzaji ruhusa ya kulimwagia maji. Afadhali ajue panapovuja siku hiyo kuliko kugundua katika masika ya Aprili na Mei. Paa jipya laweza kuagizwa, hivyo kasoro hii ipunguze bei tu, isivunje biashara. Jambo la kuogopwa ni maji yaliyokwisha kuingia na kuozesha sakafu.

Hati na warithi

Biashara nyingi za magari ya kale haziharibiki gereji. Huharibika mezani, kwa sababu ya karatasi. Gari huwa la babu au mjomba aliyefariki, logibuku bado ina jina lake, na anayeliuza ni mmoja tu wa watoto.

Sheria haimruhusu mtu mmoja kuuza mali ya marehemu kwa sababu tu funguo ziko mfukoni mwake. Kwa familia nyingi, usimamizi wa mirathi hupatikana mahakamani chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Kwa Waislamu, Katiba ya 2010 katika kifungu cha 170 inazipa Mahakama za Kadhi mamlaka ya kusikiza masuala ya mirathi pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kufika mbele yake. Katika njia zote mbili, gari ni sehemu ya mali inayogawanywa. Binti aliyeolewa Lamu au kaka aishiye Muscat ana fungu lake, na asiposhirikishwa anaweza kuipinga biashara hata baada ya fedha kulipwa.

Basi mnunuzi atake kuona amri ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi, kisha auziwe na msimamizi huyo. Muuzaji naye asione kwamba anashukiwa. Karatasi hizo humlinda yeye pia dhidi ya lawama za ndugu.

Uhamisho wa umiliki hufanywa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA), iliyoundwa kwa sheria ya 2012, kupitia mtandao wa eCitizen. Kabla ya malipo, mnunuzi aombe rekodi ya gari kwa nambari ya usajili, alinganishe nambari ya chesisi na ya injini na zile zilizogongwa garini, na kuhakikisha kwamba hakuna mkopo unaolishikilia. Magari ya zamani yalisajiliwa katika daftari za karatasi, kwa hiyo tofauti ndogo za tarakimu si ajabu, lakini zisahihishwe na mwenye gari kabla ya kuuza. Gari lililoingia nchini bila kulipiwa ushuru, kwa mfano chini ya msamaha wa kibalozi, lilipiwe kwanza.

Mlango wa kutoka na mlango wa kurudi

Sasa turejelee swali la mwanzo. Kiwango cha Kenya cha KS 1515, kilichotolewa mwaka 2000, huzuia kwa kawaida kuingizwa kwa magari yaliyotumika ambayo yamezidi miaka 8. Lengo lake lilikuwa kuzuia mikweche, si kuwaudhi wapenzi wa MGB. Lakini matokeo yake ni kwamba magari ya kale yaliyomo nchini ni akiba isiyoongezeka kirahisi. Yale yanayokuja kwa mashindano huingia kwa muda na kuondoka.

Upande wa pili hali ni tofauti. Uingereza huweza kulipokea gari lililozidi miaka 30, likiwa katika hali yake ya asili na si la matumizi ya kila siku, kama kitu cha mkusanyaji: halitozwi ushuru wa forodha, na VAT yake ni asilimia 5 tu. Tena gari la usukani wa kulia ndilo hasa linalotakikana huko. Mnunuzi wa kigeni au dalali wake anayajua haya yote anapobisha hodi. Mjane au mrithi anayeliona gari kama mzigo unaojaza ua huenda hajui lolote. Anapoambiwa "hili ni chuma chakavu, nakusaidia kuliondoa," ana haki ya kunyamaza, kuomba muda na kutafuta bei zinazotajwa katika minada na matangazo ya Uingereza kabla ya kujibu.

Wala asitarajie kwamba sheria ya turathi italizuia. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 hukihesabu kitu kinachohamishika kuwa cha kale ikiwa kiliundwa nchini au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593 na kutiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011, inalindwa. Nyumba za Mji wa Kale zina kanuni za hifadhi zinazogusa hata milango na roshani zake. Gari la 1965 lililoegeshwa mbele ya nyumba hizo halina mlinzi ila mwenyewe.

Hatusemi kwamba kuuza nje ni kosa. Mwenye mali ni mwenye uamuzi, na karo za watoto au matibabu havisubiri hisia. Tunachosema ni kwamba uamuzi huo ufanywe mtu akijua kwamba aghalabu hautenguki.

Lipi la kufanya nalo

Anayebaki na gari ana njia za kulifurahia. Shindano la Concours d'Elegance, linaloandaliwa Nairobi na Chama cha Wamiliki wa Alfa Romeo tangu 1970, hupokea magari ya nembo mbalimbali na kuyapa alama kwa usafi na ubora wa hali yake. Alama hizo humsaidia mmiliki kuthibitisha hali ya gari siku ya kuuza. Mashindano ya Safari ya magari ya kale, yaliyoanza 2003, miaka 50 baada ya Safari ya kwanza ya 1953, yamepitia Pwani mara kadhaa na kuwakusanya mafundi wenye ujuzi adimu.

Nyumbani, kanuni ni chache. Gari lioshwe kwa maji baridi, hasa chini, kila litokapo kandokando ya bahari kama Barabara ya Mama Ngina. Lisifunikwe kwa plastiki, kwani hunasa unyevu. Litumiwe kitambaa kinachopumua, chini ya paa lenye kupitisha hewa. Liendeshwe angalau mara moja kila wiki mbili hadi injini ipate moto sawasawa. Bima iwe ya thamani waliyokubaliana mmiliki na kampuni kwa maandishi, baada ya kukaguliwa, kwa sababu hesabu ya kawaida ya uchakavu hulipa gari la miaka 60 thamani ndogo mno.

Usione vyaelea, vimeundwa. MGB nzima iliyodumu miongo kadhaa katika hewa ya chumvi ya kisiwa hiki ni kazi ya mikono mingi ya mafundi na ya mwenyewe. Anayeliuza na aandike kila kitu anachokijua kulihusu, kibaya na kizuri: lilipotoka, lilipotengenezwa, nani alilipaka rangi, sehemu gani si za asili. Anayelinunua na alipe kulingana na maandishi hayo baada ya kuyahakiki kwa sumaku, jeki na rekodi za NTSA. Biashara ikifanywa hivyo, bei itajileta yenyewe, na hakuna kati yao atakayeogopa kukutana na mwenzake Makadara baada ya mwaka.